Saini ya Mume

Watu wa ukanda huu wa ziwa wakisimulia habari ya Gertrude, mimi huwa mwokozi. Nesi alimbeba, nesi alimvusha, nesi Mungu ambariki. Nimechoka kuisikia. Leo naisimulia mwenyewe, na aliyeizoea ile nyingine anisamehe.

Mwaka 1995 nilikuwa nesi wa zahanati moja ya kijiji, kusini kidogo ya Ngumbo. Nasema nesi, lakini nilikuwa pia mganga, mtoa dawa, mfagiaji na mwenye funguo, kwa sababu mganga aliyekuwapo alihamishwa na mwingine hakuletwa. Naitwa Vitalia. Ni Mmatengo wa milimani, nimekulia kwenye kahawa, na nililetwa ziwani kikazi nikiwa sijawahi hata kukanyaga mtumbwi.

Jumanne ilikuwa siku ya uzazi wa mpango. Mwanamke aliyetaka sindano ya kuzuia mimba nilimpa karatasi iliyopigwa taipu, yenye mistari mitatu: jina la mama, idadi ya watoto, saini ya mume. Rundo zima nililikuta kabatini siku nilipokabidhiwa funguo. Bila saini ya mume, hakuna sindano. Sikuwahi kuuliza karatasi hizo zilitoka kwa nani. Kitu kilichopigwa taipu mimi nilikiheshimu tu, huo ulikuwa ugonjwa wangu tangu chuoni.

Gertrude alikuja Jumanne tatu mwaka ule. Alikuwa na watoto sita, na kwa yule wa sita nilimzalisha mwenyewe. Damu ilimtoka mpaka nikajikuta namwombea badala ya kumhudumia. Alipopona nilimwambia kwa kinywa changu, "Gertrude, usishike mimba nyingine. Itakuua."

Januari akaja kutaka sindano, nikampa karatasi. Mumewe, Ladislaus, alikuwa Mbinga akilinda ghala la mmoja wa wanunuzi binafsi wa kahawa, wale walioingia kwa fujo biashara ilipofunguliwa. Nyumbani alikuja Krismasi na Pasaka, basi. Februari Gertrude akarudi na karatasi imesainiwa. Niliitazama ile saini: herufi za penseli, za mviringo, zimekaa juu ya mstari kwa adabu. Alikuwa na binti wa darasa la nne. Nikaichana mbele yake, nikampa nyingine. Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakacheka, na mimi nikacheka nao.

Machi alikuja mikono mitupu. "Dada nesi, hiyo karatasi nimemtumia kwa wachuuzi wa usipa, nikamkumbusha mara mbili. Hairudi."

"Basi mfuate Mbinga," nikamwambia, nikaita mwingine.

Nauli ya Mbinga hakuwa nayo, na nilijua kwamba hana.

Pasaka Ladislaus akaja, akakaa siku nne, akarudi kwenye ghala lake.

Julai, siku ya Alhamisi, saa mbili asubuhi, Cuthbert alikuja zahanati mbio. Huyu ndiye aliyekuwa na boti ya injini kijijini, boti ya kupelekea sokoni usipa mkavu, dagaa wa ziwa hili. Alisimama mlangoni akihema.

"Nesi, Gertrude anatoka damu. Boti nimeshaisogeza, mafuta yamo, lakini akina mama hawaruhusu apakiwe. Wanasema hajataja."

Kutaja huko nilikuelewa. Ni desturi niliyoikuta pale. Mwenye mimba akikwama katika uchungu au akitokwa na damu, wanawake wa nyumba ile husema kuna mwanamume anayemficha, na siri hiyo ndiyo iliyomfunga. Amtaje, atafunguka. Hamtaji hadharani. Anamnong'oneza mwanamke mmoja asiye wa ukoo, wengine wakiwa wamewapa mgongo. Mwanamke huyo, wanayemwita sikio, akishatoka nje na kusema "Ametaja," ndipo mgonjwa hubebwa. Jina hukaa kwa sikio mpaka ijulikane kama mgonjwa amepona au amekufa. Baada ya hapo mama mkwe ana haki ya kuliuliza, na sikio hana ruhusa ya kulinyima.

Nilikuwa nimeshakuwa sikio mara tatu, kwa sababu ya ugeni wangu. Sikuona ubaya. Ilichukua dakika chache, na niseme ukweli, kujua siri za watu kulinipendeza.

Nikachukua mkoba wangu nikaondoka na Cuthbert, tukipita kati ya vichanja vya usipa. Nyumbani kwa Gertrude wanawake kama kumi walikuwa wamekaa chini, wamegeukia ziwani. Mama mkwe wake, Walburga, alisimama peke yake mlangoni. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, msimamizi wa akina mama kanisani, na sauti yake hata akikusalimia ilikuwa kama anakukemea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ingia umsikilize."

"Mama, tumpakie kwanza. Atataja ndani ya boti."

"Hapana." Alinyoosha mkono akashika fremu ya mlango. "Nilikuwa na binti, nesi. Hilda. Wewe hukumkuta. Alishikwa na uchungu humu humu, tukamwambia taja, akakataa, na tukamzika. Sitazika mwingine kwa ukaidi. Ingia."

Niliinama nikapita chini ya mkono wake.

Harufu ndiyo iliyonipokea, na kabla sijafunua khanga nilishajua kwamba hiyo si mimba iliyotoka yenyewe. Alichokitumia sitakisema, wasije wakasoma wenye shida kama yake wakajifunza. Alikuwa wa moto kama jiko. Mapigo ya moyo yalikuwa yakikimbia chini ya vidole vyangu na tumbo lilikuwa gumu. Nikamtundikia chupa ya maji kwenye msumari wa picha ya Bikira Maria, nikamchoma sindano ya antibiotiki niliyokuwa nayo, kisha nikapiga magoti nikainamisha sikio, maana nje walikuwa wanasubiri.

"Gertrude. Taja jina lolote, twende."

Alifumbua macho. "Sina wa kumtaja," akanong'ona. "Ni ya Ladislaus. Ya Pasaka. Nimeitoa mwenyewe, juzi."

"Kwa nini hukuja kwangu?"

Swali la kijinga kuliko yote niliyowahi kuuliza katika kazi hii. Alinitazama, wala hakuwa na hasira, na hicho ndicho kilichonimaliza.

"Nilikuja, dada nesi. Ulinirudisha mara tatu."

Nilimfunika khanga yake. Halafu nikasimama, nikatoka nje kwenye jua, nikasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ametaja."

Wanawake wote waliinuka kwa pamoja. Ndani ya dakika tano Gertrude alikuwa kwenye kitanda cha kamba, mabegani mwa watu, wanakimbia naye ufukweni. Yule aliyekuwa amekatazwa kubebwa tangu alfajiri sasa alibebwa kwa vifijo, kwa sababu ya neno langu la uongo. Nilikimbia nyuma yao nimeinua chupa ya maji juu, na hasira zilinijaa mpaka macho yakaona giza. Niliwakasirikia wao. Nilikuwa sijafika kujikasirikia mimi.

Hospitali ilikuwa mwendo wa saa tatu kwa boti, na siku ile upepo wa mwera ulikuwa umeshaanza kuchafua maji. Cuthbert alikaa nyuma kwenye injini. Walburga alikaa sakafuni mwa boti, amempakata Gertrude kichwa, akimkinga mawimbi kwa mgongo wake mwenyewe. Kila maji yaliporuka alimfuta uso kwa ncha ya khanga, taratibu, kama anayefuta mtoto mchanga. Sikutegemea kuona hivyo. Ingekuwa rahisi kwangu kama asingempenda.

Baada ya saa nzima akasema bila kuniangalia, "Ni wa hapa kijijini?"

"Mama, bado hajapona wala hajafa."

"Najua. Nauliza kama ni wa hapa."

Nikaitazama chupa ya maji. Lakini kichwani nilishaanza kumtafutia jina, na nilikuwa nimelipata: Kilian, mvuvi aliyezama mwaka juzi, asiye na mke wala mtoto. Angeweza kubeba lawama bila kuumia. Nilipiga hesabu ya miezi, nikaona miaka miwili haiingii katika mimba ya miezi mitatu, nikamwacha marehemu apumzike. Nikamfikiria mchuuzi yeyote apitaye. Mchuuzi hana ukoo hapa, hana wa kumtetea. Ningelitaja jina la mchuuzi, na mimi ningerudi kwenye zahanati yangu na rundo la karatasi zangu, safi. Gertrude angepona, angerudi nyumbani, na angekuta nguo zake nje ya mlango na watoto sita wamefungiwa ndani. Hiyo ndiyo bei, na angeilipa yeye. Nililijua hilo, na bado niliendelea kumtafuta mchuuzi.

Chupa ya mwisho iliisha kabla hatujafika. Gertrude aliacha kuitika jina lake. Walburga akaanza rozari kwa sauti, Cuthbert akiitikia kutoka nyuma, na mimi nikaitikia pia, kidole kwenye mapigo ya shingo.

Hospitalini walimpokea haraka, nawapa haki yao. Mganga aliyekuwapo, Romanus, alikuwa kijana wa macho mekundu, mtu aliyekwisha kufanya operesheni mbili siku ile. Alimpima, akatoka korido akitikisa kichwa.

"Mfuko wa uzazi umetoboka, na umeoza. Nafungua sasa hivi, na huenda nikautoa. Nani ndugu yake?"

"Mimi ndiye mama mkwe," alisema Walburga.

"Mume yuko wapi?"

"Mbinga, kwenye kahawa."

"Basi utaweka wewe dole gumba. Na wewe nesi, nani aliyemfanyia kitu hiki? Hili ni jambo la polisi. Nikiandika kwamba imetoka yenyewe, kisha afe mezani, nitakayeulizwa ni mimi."

Aliweka karatasi juu ya meza ya korido, na kando yake kidau cha wino. Walburga aliitazama. Kisha akaingiza mkono wake wa kulia ndani ya khanga, akaubana kwapani.

"Jina kwanza," akaniambia.

"Mama, anakufa."

"Ndiyo maana nauliza. Nikiweka dole bila kujua, wakampasua na siri imo ndani, atatoka hai? Hilda nilimpa muda. Huyu umesema ametaja. Nipe jina, niweke dole."

"Bibi, weka dole," alisema Romanus, "ama tupisheni."

Walburga hakumsikia hata kidogo. Alikuwa ananitazama mimi. Hakuwa ananikomoa. Mwanamke yule aliamini kabisa kwamba jina ndilo dawa, na kwamba mimi ndiye niliyeishika mkononi na sitaki kuitoa.

Jina la mchuuzi lilikuwa limeshafika kwenye meno. Mlango wa chumba cha pili ulikuwa wazi, nikaona unyayo wa Gertrude ukining'inia ukingoni mwa machela, mweupe kwa chini, una mchanga wa ziwa bado kati ya vidole. Miguu hiyo ndiyo iliyokuja kwangu Jumanne tatu.

"Ni mimi," nikasema.

"Nini?"

"Jina alilonitajia ni langu. Vitalia." Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka, watu wa korido wakageuka. "Mimba ni ya mwanao, mama, ya Pasaka. Hakuna mwanamume mwingine, hakuwahi kuwapo. Alikuja kwangu kutaka sindano asishike mimba, Januari, Februari, Machi, na mimi nilimfukuza kwa sababu hana saini ya mume. Nilimwambia kwamba mimba itamuua, kisha nikamnyima cha kuizuia. Ameitoa mwenyewe kwa sababu hakutaka kufa akawaachia watoto sita. Hakuna siri nyingine. Mganga, kama unataka jina la kuandika, andika langu."

Romanus alikuwa amekwisha kushika kalamu. Akaishusha. "Saini ya mume? Kwa sindano ya uzazi wa mpango?"

"Ndiyo. Fomu ya zahanati."

"Fomu gani hiyo? Sisi hapa hatuna kitu hicho. Mume hasaini sindano. Nani kawaambia?"

Baadaye nilikuja kujua. Yule mganga wa kabla yangu alifuatwa na mume mmoja mwenye panga, akaogopa, akapiga taipu karatasi yake mwenyewe ili siku nyingine awe na cha kuonyesha. Kisha akahamishwa akaliacha rundo kabatini, nami nikalisimamia miaka minne kana kwamba limetoka kwa waziri. Lakini pale koridoni nilichokisikia ni kwamba hakuna sheria. Hakuna mtu duniani aliyeniagiza kumrudisha Gertrude.

Nikamgeukia Walburga. Nilingoja anipige, nilitamani anipige. Alitoa mkono kwapani, akachovya dole gumba kwenye wino, akaligandamiza kwenye karatasi kwa nguvu mpaka meza ikalia. Hakuliinua upesi. Romanus alilazimika kuivuta karatasi chini ya kidole chake.

Mlango ukafungwa. Cuthbert alikwenda kutoa damu, akarudi na pamba mkononi, akaona nyuso zetu akaamua kwenda kuitazama boti. Tukabaki wawili kwenye benchi. Jua la mchana lilikuwa likiingia dirishani. Nikasema, "Mama, nisamehe." Nikasema tena.

Alikuwa analitazama dole lake. Wino ulikuwa umejaa kwenye mikunjo ya ngozi na chini ya kucha.

"Ana hakika huyu?" aliuliza. "Hakuwa na mtu?"

"Hakuwa na mtu, mama."

"Na kama usingetoka nje ukadanganya, tungekuwa bado tunamsubiri."

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa kidogo kidogo, kama mtu anayekubali bei asiyoiweza.

"Hilda tulimsubiri tangu asubuhi mpaka jua la saa kumi," akasema. "Boti ilikuwapo. Baba yake Cuthbert alikuwa amekaa ndani ya boti, kasia mkononi. Mimi ndiye niliyesimama mlangoni. Kila nikimwambia taja, mwanangu, anasema, mama, sina. Sina, mama. Nikamwambia unanidanganya. Neno la mwisho alilolisikia kwangu ni hilo."

Nilimshika mkono ule wenye wino. Hakuuondoa, wala hakuushika wangu.

Romanus alitoka saa tisa, kapoteza rangi. Alisema Gertrude yu hai, kizazi kimetolewa, zitapita siku tatu kabla hajaweza kusema zaidi. Nikamwuliza ameandika nini. Akasema ameandika mimba iliharibika, na kwamba jina langu hakuliandika, kwa sababu karatasi yake haina mstari wa kosa la namna yangu. Alilisema bila ukali, akaenda kunawa. Ningependa sana kama angeliandika.

Gertrude alipona. Hilo mnalijua, ndilo linalosimuliwa. Zile karatasi nilizichoma siku niliyorudi, nikabakiza moja, ninayo mpaka leo kwenye Biblia. Kutaja kuliendelea kwenye vijiji vingine, kwetu kulikoma bila mtu kutangaza, kwa sababu ni mama mkwe anayepaswa kuita sikio, na wakwe wote walikuwa wakimtazama Walburga kwanza, naye hakuita tena.

Lakini ninachokikumbuka mimi ni pale kwenye benchi, baada ya mganga kuondoka. Nilimwambia, "Mama, yu hai, twende tukamwone." Hakusimama. Alikuwa anasugua dole gumba kwenye khanga, anasugua, wino hautoki.

"Alikuwa anasema kweli," akasema. "Mwanangu alikuwa anasema kweli."